Kinjikitile hakuwa sheikh, lakini ni wetu

VIJANA wa Kiislamu wa Kibiti na Ikwiriri wameniuliza zaidi ya mara moja kama inafaa kumkumbuka kwa heri Kinjikitile Ngwale. Wapo wanaosema alikuwa mganga na mtu wa mizimu, hivyo kumtukuza ni kuitukuza shirki. Na wapo ambao wangependa sana awe sheikh aliyeongoza jihadi, kisha wanahistoria wakamvua kilemba. Nimeona nieleze habari zake, kwa sababu pande zote mbili zinambebesha marehemu mzigo usio wake.

Kinjikitile alikuwa mkazi wa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, jirani na nchi ya Wamatumbi. Alihamia pale miaka michache tu kabla ya vita. Wazee waliohojiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 walisimulia kwamba mwaka 1904 alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji ya mto, jamaa zake wakamtafuta wasimpate, na siku ya pili yake akatoka nguo zikiwa kavu. Tangu hapo Ngarambe ikawa haina nafasi. Watu walifika makundi kwa makundi, Wamatumbi, Wakichi, Wangindo, wakipewa maji ambayo waliambiwa yangezigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Habari zenyewe zilipita kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji, kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Mwislamu aliyesoma tawhid ataona tatizo hapo, na sina haja ya kulificha. Mambo ya Hongo si katika dini yetu. Lakini nauliza: watu wale walitembea siku nyingi porini kufuata nini hasa? Hawakuwa wajinga. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya lazima, kila jumbe na shamba lake, na watu wake wakilima humo siku 28 kwa mwaka. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wengine walikataa hata kuzipokea. Juu ya hapo kodi, na juu ya kodi kiboko.

Kiboko hicho alikishika nani? Hapa ndipo ile hadithi ya jihadi inapokwama. Mjerumani alitawala kwa maakida, na wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani, Waarabu na Waswahili. Akida wa Kibata, Sefu bin Amri, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandamwa na Wamatumbi vita vilipoanza. Jambo hili huwa tunaliruka tunapoandika habari za Majimaji, tukataja tu Waislamu waliopigana na Mjerumani, nao walikuwapo kweli. Lakini waliokuwa wakimchapia Mjerumani raia wake nao walikuwapo, na walifunga Ramadhani kama sisi.

Kinjikitile mwenyewe, kwa masimulizi ya wazee, aliwataka watu wasubiri amri. Wamatumbi wa Nandete wakachoka kusubiri. Mwezi Julai 1905 waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na huo ukawa mwanzo wa vita. Wajerumani wakamkamata, wakampeleka Mohoro, kituo chao cha utawala karibu na delta, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba pale kwenye kitanzi aliwaambia wamechelewa, maji yamekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Vita viliendelea hadi 1907 bila yeye. Serikali ya Ujerumani ilikubali vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya mazao na maghala kuchomwa moto.

Baada ya hapo lilitokea jambo ambalo Waislamu wa Rufiji tulipaswa kulizungumza sana. Katika miaka iliyofuata vita, watu wa vijiji vile vile vilivyokunywa maji waliingia katika Uislamu kwa wingi. Kwa hiyo kijana anayeniambia kuwa Kinjikitile hatuhusu, yeye mwenyewe huenda ni kitukuu cha mtu aliyekwenda Ngarambe.

Wanasiasa walimtumia mapema. Mwalimu Nyerere aliizungumzia Majimaji Umoja wa Mataifa mwaka 1956, wakati TANU ikidai uhuru. Mwaka 1969 ukatoka mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, na mwandishi alisema wazi kwamba mhusika wake ni wa kubuni, lakini wanafunzi wengi wanamjua huyo wa jukwaani tu. Songea ina makumbusho na kumbukumbu kila Februari. Huko ndiko Rais Steinmeier wa Ujerumani alikokwenda kuomba radhi mwezi Novemba 2023. Mohoro hakufika.

Nalisema hili si kwa wivu juu ya Wangoni. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti iliandikwa magazetini kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na ya askari, wanane wakiuawa kwa siku moja Aprili 2017. Kwa waandishi wengi historia yetu ikaanzia hapo. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakieleza mauaji yale kwa kusema kwamba Warufiji ni watu wa uasi na uchawi tangu enzi, na ushahidi wanaoutoa ni Kinjikitile. Hawataji pamba wala zile senti 35. Na sisi tunaomwita mshirikina tukaishia hapo tunawasaidia kumaliza sentensi yao.

Kumwombea rehema ni suala la fiqhi, nawaachia masheikh wetu. Ninachowaomba walimu wa shule na wa madrasa wa Kibiti, Ikwiriri na Mohoro ni kuwasomesha watoto masimulizi ya wazee wa 1968, pamoja na habari za Sefu bin Amri, wajue kwamba katika vita vile babu zetu walikuwa pande zote mbili.