William Lear, fundi aliyempa dereva nguvu ya kuchagua sauti ndani ya gari

Kati ya magari yanayopanda kutoka Bunia kuelekea Djugu, Fataki na Mahagi kwenye barabara ya kitaifa namba 27, yako mengi yaliyotumika kwanza Japani. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalianzia 76 na kuishia 90. Katika sehemu kubwa ya dunia, Kongo ikiwemo, vituo vya FM vinarusha matangazo kati ya 87.5 na 108. Shofere akizungusha kitufe, kila kituo kilicho juu ya 90 kinabaki kimya.

Katika teritori ambamo vita vilirudi mwishoni mwa 2017 na magari yakashambuliwa barabarani, kukosa habari za asubuhi kabla ya kusafiri si jambo dogo. Ndiyo maana mafundi huombwa kuongeza tundu la AUX, yaani mlango mdogo ambamo sauti ya simu inaingia kwa waya na kutoka kwenye spika za gari. Kazi hiyo ya kufungulia sauti mlango ndani ya gari ilimshughulisha Mmarekani mmoja mara mbili katika maisha yake: William Powell Lear.

Lear alizaliwa tarehe 26 Juni 1902 mjini Hannibal, katika jimbo la Missouri. Wazazi wake waliachana akiwa mtoto, naye akalelewa na mama yake mjini Chicago. Masomo yake yaliishia karibu na mwisho wa shule ya msingi. Akiwa na miaka 16 alidanganya kuhusu umri wake ili aandikishwe katika jeshi la majini, na huko ndiko alikojifunza kazi ya redio. Hakuwa na diploma yoyote. Elimu yake ilikuwa kufungua vifaa, kuvichunguza na kuvifunga tena.

Alipotoka jeshini alifungua karakana ya redio katika mji wa Quincy, jimboni Illinois, kisha akarudi Chicago. Wakati huo redio ilikuwa sanduku zito la nyumbani. Moja ya sehemu zilizochukua nafasi kubwa ilikuwa koili, yaani waya uliosokotwa unaosaidia kukamata kituo. Lear alitumia waya wa nyuzi nyembamba nyingi zilizosukwa pamoja, akapata koili ndogo sana isiyopoteza nguvu ya mawimbi. Hapo ikawezekana kufikiria redio ya kuingia katika gari.

Redio za gari zilikuwako tayari, lakini zilikuwa za bei kali, na kuzifunga ilikuwa taabu. Pamoja na kijana fundi aitwaye Elmer Wavering, Lear alitafuta njia iliyo rahisi zaidi. Mfadhili wa kazi hiyo alikuwa Paul Galvin, mfanyabiashara ambaye kampuni zake mbili za batri zilikuwa zimeanguka, na ambaye mwaka 1928 alikuwa ameanza ya tatu.

Adui yao mkubwa alikuwa gari lenyewe. Kila buji inapotoa cheche ndani ya injini, inarusha pia mawimbi ya umeme, na redio inayakamata kama mlio wa kukwaruza. Iliwalazimu kutafuta mahali kelele ilipotoka na kuizima hapo hapo, waya kwa waya. Taa za redio za wakati huo zilihitaji umeme wa volti nyingi kuliko batri ya gari ilivyoweza kutoa, hivyo batri nyingine zilifichwa chini ya sakafu. Kufunga redio moja kuliweza kuchukua siku nzima na zaidi, huku dashibodi ikitobolewa matundu.

Mwezi Juni 1930, Galvin aliendesha gari lake la Studebaker, lenye redio mpya ndani, kutoka Chicago hadi Atlantic City, ambako watengenezaji wa redio walikuwa wamekutana. Hakuwa na meza katika maonyesho. Aliegesha gari nje, akapandisha sauti, wapita njia wakasimama. Redio hiyo iliuzwa zaidi ya dola 100, wakati gari jipya la Ford lilipatikana kwa chini ya dola 700, tena katika mwaka ambao uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Hata hivyo wanunuzi walipatikana. Galvin aliipa jina Motorola, akiunganisha neno la gari na mwisho wa majina ya vinanda vya wakati ule. Baadaye jina hilo likawa la kampuni nzima.

Lear hakubaki kula matunda hayo. Aliuza sehemu yake, akanunua ndege ndogo, akajifunza kuiendesha. Angani aligundua jinsi ilivyo rahisi kupotea, akaanza kutengeneza vifaa vya redio vinavyomwonyesha rubani upande kituo kilipo. Baada ya hapo alitengeneza chombo kinachoshika usukani wa ndege ya kijeti bila mkono wa rubani, hata katika hali mbaya ya hewa. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Collier, moja ya heshima kubwa za urubani nchini Marekani.

Mnamo 1960 alihamia Uswisi ili atengeneze ndege ndogo ya kijeti kwa ajili ya wafanyabiashara. Washiriki katika kampuni yake hawakutaka kuhatarisha pesa hivyo, naye akauza hisa zake. Alirudi Marekani, katika mji wa Wichita, na tarehe 7 Oktoba 1963 ndege yake ya kwanza, Learjet, iliruka. Mwaka uliofuata ndege hiyo hiyo ilianguka katika safari ya majaribio, lakini hakuna aliyekufa. Wiki chache baadaye serikali iliidhinisha aina hiyo iuzwe.

Ni ndani ya ndege hizo ambamo Lear alirudia suala la muziki. Mfanyabiashara wa California, Earl Muntz, alikuwa akiuza kinanda cha gari kinachotumia utepe ndani ya kasha la plastiki. Lear alikitaka kwa abiria wake, akakiangalia ndani, akaona angeweza kukibadilisha. Aliweka nyimbo katika mistari 8 ya utepe badala ya 4, na mwaka 1964 akatoa kasha lake. Kuanzia magari yake ya mwaka 1966, kampuni ya Ford iliwapa wanunuzi nafasi ya kuagiza kinanda hicho. Kiwanda kilichotengeneza vinanda hivyo kilikuwa Motorola.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Tangu 1930 dereva alikuwa akisikiliza alichochaguliwa na kituo. Sasa aliweza kuingiza ndani ya gari sauti aliyoitoka nayo nyumbani. Lakini kasha la Lear lilikuwa na kasoro. Halikuweza kurudishwa nyuma, wimbo ulikatika katikati ili kuhamia mstari mwingine, na utepe ulinasa mara kwa mara. Kaseti ndogo ya Philips, iliyotoka 1963, ilikuwa nyepesi, na mtu aliweza kurekodi mwenyewe nyumbani. Katika miaka ya 1980 kasha la Lear lilikuwa limetoweka madukani. Baada ya kaseti ikaja CD, kisha tundu la AUX ambalo halidai kasha la mtu yeyote: chochote chenye sauti kinaweza kuchomekwa.

Kwa fundi wa leo, kazi ni nyepesi kuliko ile ya 1930, ila kanuni hazikubadilika. Ndani ya redio mnamo ampli inayosukuma spika. Ampli hiyo inapokea sauti dhaifu kutoka sehemu ya FM, ya kaseti au ya CD, na AUX ni mlango mwingine wa kuifikia. Waya tatu zinatosha: wa kushoto, wa kulia, na wa masi, yaani ule unaoshikana na chuma cha gari. Baadhi ya redio zina soketi tayari nyuma yake. Sauti ya simu haipaswi kuungwa kwenye waya zinazokwenda kwa spika, kwa sababu huko kuna nguvu inayoweza kuharibu simu. Batri hutolewa waya kabla ya kufungua dashibodi, na fyuzi haibadilishwi kwa kipande cha waya, kwani moto wa gari huanzia hapo.

Hata kelele aliyopambana nayo Lear ingali hai. Simu ikichajiwa ndani ya gari huku imechomekwa kwenye AUX, spika zinaweza kupiga filimbi inayopanda na kushuka pamoja na injini. Umeme wa alterneta unakuwa umepata njia mbili za masi. Kutoa chaja kunathibitisha chanzo, na kifaa kidogo kinachotenganisha masi hizo kinamaliza tatizo. Tena, simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya uliochomekwa kama antena. Kwa hiyo waya huo huo wa AUX unaweza kukamata kituo cha juu ya 90 na kukipeleka kwenye spika za gari la Japani, ingawa ndani ya chuma mawimbi hupungua.

Baada ya kuuza sehemu yake ya Learjet mwaka 1967, Lear alihamia Reno, akapoteza mamilioni ya dola katika juhudi ya kutengeneza injini ya mvuke kwa mabasi na magari. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ndege ya nyuzi za kaboni, nyepesi kuliko za chuma. Alifariki tarehe 14 Mei 1978 kwa saratani ya damu, kabla haijaruka. Mke wake, Moya, aliendeleza mradi huo, na ndege ikaruka mwanzoni mwa 1981, lakini haikufika sokoni.

Kasha lake la muziki limebaki kwa wakusanyaji wa vitu vya zamani. Kinachoendelea ni uwezo wa mtu aliyeshika usukani kuamua asikilize nini. Kati ya Bunia na Djugu, uwezo huo unaweza kuwa wimbo wa kufupisha safari, au habari ya kwamba barabara ya mbele si salama na afadhali kugeuza gari.