Mkwawa

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, anayejulikana zaidi kwa jina fupi la Mkwawa (takriban 1855 – 19 Julai 1898), alikuwa mtwa, yaani mtawala mkuu, wa Wahehe katika nyanda za juu za Iringa, kusini mwa Tanzania ya leo. Anajulikana hasa kwa upinzani wake dhidi ya ukoloni wa Wajerumani na kwa habari ya fuvu lake, ambalo lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Watawala wa namna mbalimbali, Waafrika na Wazungu, wametumia kumbukumbu yake kwa madhumuni yaliyopingana.

Utawala wa Wahehe

Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo na temi ndogo za Uhehe kuwa dola moja lenye jeshi lililojifunza mengi kutoka kwa jirani zake. Alipofariki mnamo 1879 kulitokea mgogoro wa urithi. Mwamubambe, mkwe wa marehemu, alitwaa madaraka, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Baadaye alirudi na wafuasi wake, akamshinda na kumwua Mwamubambe. Mahali pa pigano hilo paliitwa Lundamatwe, jina linalokumbusha vichwa vya watu vilivyorundikana.

Mkwawa aliendelea kupanua himaya. Alipigana na Wangoni, akawashambulia Wabena na Wagogo, na kumfukuza Merere, mtawala wa Wasangu, kutoka nchi yake. Misafara ya biashara iliyopita kati ya pwani na bara ililazimika kumlipa hongo. Huko Kalenga, kandokando ya mto Ruaha Mdogo, alijenga boma kubwa lililozungukwa na ukuta wa mawe. Kwa jirani zake hakuwa mtetezi bali mvamizi, na jambo hilo lisiposemwa ni vigumu kuelewa kwa nini baadhi yao walijiunga na Wajerumani.

Vita dhidi ya Wajerumani

Mwaka 1891 kamanda wa jeshi la Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, aliongoza kikosi kuingia Uhehe. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 kikosi hicho kilikuwa kikipita katika safu ndefu karibu na Lugalo, mashariki mwa Iringa, pale Wahehe waliokuwa wamejificha vichakani walipokirukia. Silaha zao nyingi zilikuwa mikuki. Mapigano yalikuwa mafupi sana. Zelewski aliuawa pamoja na maafisa wake kadhaa na sehemu kubwa ya askari wake Waafrika, na Wahehe wakateka bunduki mamia na mizinga. Lakini wao pia walipoteza watu wengi mno, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ili adui asijue ukubwa wa hasara hiyo.

Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujiandaa upya. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi lililoongozwa na gavana Friedrich von Schele liliteka boma la Kalenga kwa msaada wa mizinga. Mkwawa alitoroka. Kwa karibu miaka minne aliishi porini na kupigana vita vya kuvizia, huku watu wakimpelekea chakula na kumpa habari za nyendo za adui. Kapteni Tom von Prince, aliyeanzisha kituo kipya cha Iringa mwaka 1896, alichoma mashamba na vijiji ili kuwatenga wananchi na mtwa wao. Alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala mwishoni mwa mwaka huo. Baada ya muda mfupi alimshuku kwamba anawasiliana na Mkwawa kwa siri, akamnyonga mapema 1897. Merere wa Wasangu, kwa upande wake, alirudishiwa nchi yake na Wajerumani. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake alijipiga risasi ili asikamatwe. Sajenti Merkl alipofika aliukuta mwili na kuupiga risasi kichwani kwa kuhofia hila. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Iringa, na mwili ukazikwa Mlambalasi.

Fuvu katika mkataba wa amani

Baada ya kifo chake jamaa wengi wa Mkwawa walipelekwa mbali na Uhehe. Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905, Wahehe hawakujiunga navyo. Wengi wao walipigana upande wa Wajerumani. Masimulizi ya kizalendo ya baadaye, yanayomweka Mkwawa na Majimaji katika mstari mmoja, mara nyingi huruka sehemu hiyo.

Waingereza walipoiteka nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuta kwamba Wahehe hawajasahau kichwa cha mtwa wao. Mnamo Novemba 1918 msimamizi wa utawala wa Kiingereza, Horace Byatt, aliishauri serikali yake kudai fuvu hilo. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa waziwazi: Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza, na kurudi kwa fuvu kungewaonyesha wenyeji kwamba nguvu ya Wajerumani imekwisha kabisa. Hivyo ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, iliitaka Ujerumani kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi 6. Ibara hiyohiyo iliagiza kurudishwa kwa msahafu wa Khalifa Othman kwa mfalme wa Hejazi.

Wajerumani walijibu kwamba fuvu halikuwahi kufika kwao. Waingereza, waliokwisha kupata koloni lenyewe, hawakulifuatilia kwa bidii, na suala likalala zaidi ya miaka 30.

Kurudishwa mwaka 1954

Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua. Mwaka 1953 alitembelea makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, baadhi yakiwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uchaguzi ulifanyika kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na fuvu moja lenye tundu la risasi lilikubaliwa kuwa lake. Watafiti kadhaa wametilia shaka njia hiyo, kwa kuwa vipimo vya namna hiyo haviwezi kumtambulisha mtu mmoja.

Wakati huo nchi jirani ya Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alikabidhi fuvu kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, mbele ya umati mkubwa huko Kalenga. Katika hotuba yake alitumia nafasi hiyo kuwaomba Wahehe wawe watiifu kwa Malkia na kuwahimiza vijana wao wajiunge na jeshi na polisi. Mtu aliyekufa akikataa utawala wa kigeni alifanywa sababu ya kuutumikia utawala mwingine wa kigeni. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam.

Baada ya uhuru

TANU kilimchukua Mkwawa kwa maana nyingine: shujaa wa Watanganyika wote, aliyetangulia katika kudai uhuru. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963 lakini ikaendelea kumsifu mtwa huyu, kwa kuwa sifa zilihusu vita vyake na si kiti chake. Adam Sapi mwenyewe alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam ilipewa jina la ushindi wa 1891, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kiko Iringa.

Huko Lugalo kwenyewe bado umesimama mnara uliojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Fuvu linahifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini Iringa, na kaburi la mwili liko Mlambalasi.