Ujuzi wa Bandani: Maisha ya Beryl Markham

Wapo miongoni mwetu wasomi wanaoamini kwamba elimu isiyotoka kitabuni si elimu. Maisha ya marehemu Beryl Markham, aliyelelewa Njoro karibu na Nakuru, yanatusuta.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1902, akaletwa nchini akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mamaye alirejea kwao. Naye akabaki na babake, Charles Clutterbuck, mkulima na mfunzi wa farasi wa mashindano. Shuleni hakudumu. Sanaa ya kupanda farasi ina vitabu vyake mashuhuri: Mgiriki Xenophon aliandika chake zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akionya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira. Lakini ujuzi wa binti huyu ulitoka bandani, miongoni mwa masaisi, akizungumza Kiswahili na Kinandi. Mwenzake katika michezo alikuwa Kibii, ambaye babake, arap Maina, aliuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Ukame ulipomfilisi Clutterbuck, naye akaelekea Peru, Beryl alikwea hadi Molo na farasi wake. Akiwa na miaka 18 hivi alipata leseni ya kuwafunza farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Kibii, ambaye sasa aliitwa arap Ruta, akamfuata huko kuwa msaidizi wake. Baadaye Beryl alijifunza urubani, na Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Hatimaye aliwarudia farasi, akashinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka wa 1942. Wahakiki hubishana iwapo alikiandika yeye au mumewe wa tatu. Kwangu mimi, swali zito ni jingine. Watoto wawili walikulia pamoja Njoro. Mmoja akapata leseni na sifa, mwingine tunamjua kwa kuwa alitajwa na rafikiye. Ujuzi wake uko wapi?

Kiswahili kina hatamu, lijamu na matandiko. Je, ni nani amewauliza masaisi wazee wa Njoro na Molo majina wanayoyaita magonjwa ya farasi, au mwendo wake? Sisi wanaisimu tuwaendee, kabla kaburi halijatutangulia.