Paul Lauterbur: Mkemia aliyegeuza kasoro ya sumaku kuwa picha ya mwili

Wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, huifahamu MRI kwanza kama herufi tatu zilizoandikwa na daktari kwenye karatasi, kisha kama bei. Mgonjwa mwenye maumivu ya uti wa mgongo au kifafa kisichoeleweka chanzo chake huelekezwa kwenye mtambo huo, na jamaa zake huanza kuchangisha. Jina la mtu aliyebuni njia ya kuchora picha kwa sumaku halitajwi popote katika safari hiyo. Alikuwa mkemia wa Marekani, Paul Christian Lauterbur, na wala hakuwa daktari.

Alizaliwa Mei 6, 1929 katika mji mdogo wa Sidney, jimboni Ohio. Babake alikuwa mhandisi katika kampuni ya kuunda mashine za kuokea mikate, na huenda ndipo kijana alipopata mazoea ya kutoogopa mitambo. Akiwa mwanafunzi wa shule ya upili alijitengenezea maabara katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Mwalimu wake wa kemia, alipotambua kwamba masomo ya kawaida yalimchosha, alimruhusu kufanya majaribio yake mwenyewe nyuma ya darasa.

Alihitimu shahada ya kwanza katika taasisi ya Case mjini Cleveland mwaka 1951, akaajiriwa katika Taasisi ya Mellon mjini Pittsburgh. Hakuwa na haraka ya kurejea darasani. Alisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh huku akiendelea na kazi, na hakuipata hadi mwaka 1962.

Jambo lililobadilisha maisha yake lilitokea jeshini. Mnamo 1953 aliitwa kulitumikia jeshi la Marekani na kupelekwa kituo cha utafiti wa kemikali huko Edgewood, Maryland. Kituo hicho kilikuwa kimepata mtambo wa kuchunguza viini vya atomu kwa sumaku, chombo kipya wakati huo. Lauterbur alikuwa miongoni mwa wachache waliokielewa. Wenzake wakipiga gwaride, yeye alitumia muda wake kando ya mtambo huo na kuandika makala za kisayansi.

Elimu aliyoitegemea ilikuwa changa. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, wakifanya kazi mbalimbali, walionyesha kwamba viini vya haidrojeni vikiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu hupokea mawimbi ya redio ya kipimo maalumu na kuyarudisha. Walituzwa Nobel mwaka 1952. Nguvu ya sumaku ikiongezeka, kipimo cha mawimbi nacho hupanda kwa kiwango kile kile. Wanakemia waliutumia ujuzi huo kutambua muundo wa dawa na mafuta, na kwa miaka mingi adui wao mkubwa alikuwa sumaku isiyolingana. Sehemu moja ya sumaku ikizidi nyingine hata kidogo, ishara zilivurugika, na mafundi walikesha wakirekebisha misokoto ya nyaya za umeme ili kuusawazisha uga wote.

Mwaka 1963 Lauterbur alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Stony Brook. Katika msimu wa joto wa mwaka 1971 alikuwa akisimamia kampuni ndogo iliyotengeneza vifaa vya utafiti huo huko New Kensington, karibu na Pittsburgh. Kampuni yenyewe ilikuwa ikielekea kufilisika. Mtafiti mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alifika hapo kupima nyama za panya, akifuatilia dai lililokuwa limetolewa mwaka huo na daktari Raymond Damadian kwamba uvimbe wa saratani hutoa ishara tofauti na nyama yenye afya. Ishara hizo kweli zilitofautiana. Lakini panya ilibidi auawe na kukatwakatwa kwanza, na Lauterbur hakuona faida ya kipimo kinachomtaka mgonjwa apasuliwe ndipo ajulikane anaugua nini.

Swali lililomkera lilikuwa moja: ishara ikitoka mwilini, itajulikanaje imetoka wapi? Jioni ya Septemba 2, 1971, akila hambaga katika mkahawa mmoja wa eneo hilo, jibu lilimjia. Ile kasoro ambayo kila mtu aliipiga vita ndiyo iliyohitajika. Sumaku ikifanywa kuwa na mteremko wa makusudi, dhaifu upande mmoja na kali upande wa pili, kila sehemu ya mwili itajibu kwa kipimo chake. Ni sawa na kwaya iliyopangwa mstari mmoja, kila mwimbaji akiimba sauti iliyo juu kidogo kuliko ya jirani yake. Msikilizaji aliyefumba macho ataweza kutaja nani amesimama wapi. Mteremko ukielekezwa pande mbalimbali, hesabu huunganisha majibu yote kuwa picha. Usiku huo alinunua daftari, akaliandika wazo lake na kumtaka mwenzake atie sahihi kama shahidi.

Picha yake ya kwanza haikuwa ya kuvutia macho. Ilionyesha mirija miwili ya maji ya kawaida iliyozungukwa na maji mazito, yaani madoa mawili tu. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameweza kutenganisha hivyo kwa picha maji ya aina mbili yanayofanana kwa macho. Alituma makala kwa jarida la Nature, likamkatalia. Alikata rufaa, akaongeza maelezo kuhusu jinsi njia hiyo ingeweza kutumiwa katika uchunguzi wa saratani, na makala ikachapishwa Machi 16, 1973. Ni vigumu kutomwonea huruma mhariri aliyetazama yale madoa mawili bila kuona hospitali ndani yake.

Huko Stony Brook mtambo haukuwa wake peke yake. Mchana ulitumiwa na wanakemia wenzake. Usiku yeye aliubadilisha kwa shughuli zake, na kabla ya asubuhi alilazimika kuurudisha ulivyokuwa. Katika usiku kama huo alipiga picha ya pilipili hoho na ya chaza mdogo mwenye upana wa milimita 4, aliyeokotwa ufuoni na bintiye. Chaza huyo alikuwa hai kabla na baada ya kupigwa picha. Kwa upande wa fedha, chuo kilikataa kugharamia hataza ya uvumbuzi huo kikihofia kwamba hautarudisha gharama. Uamuzi huo umekuwa mfano maarufu wa hesabu iliyokwenda mrama.

Anayetaka kuelewa kiini cha mtambo huu anaweza kuanzia kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaosokota upya nyaya za shaba za mota zilizoungua. Umeme ukipita katika msokoto wa waya, yaani koili, huzaa sumaku. Na sumaku inayobadilika karibu na koili huzaa umeme. MRI ya hospitali ina koili za aina tatu. Kuna kubwa zinazotengeneza sumaku kuu, nazo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi takriban nyuzi 269 chini ya sufuri. Kuna za mteremko, ambazo ndizo urithi hasa wa Lauterbur. Halafu kuna za redio, zinazotuma mawimbi na kupokea mnong'ono wa viini.

Koili za mteremko ndizo zinazomtia mgonjwa hofu. Umeme huwashwa na kuzimwa ndani yake mara nyingi kwa sekunde, nazo, zikiwa zimo ndani ya sumaku kuu, husukumwa na kutetemeka kama kipaza sauti. Kelele yake humkumbusha Mnairobi nyundo za mafundi wa mabati wa Kamukunji. Mwingereza Peter Mansfield, ambaye aliacha shule akiwa na miaka 15 na kufanya kazi ya uchapishaji kabla ya kurejea masomoni, ndiye aliyezifanyia koili hizo kazi kubwa zaidi. Mwaka 1977 alibuni mbinu ya kupata picha nzima kutokana na mpigo mmoja wa mawimbi, na katika miaka ya 1980 akabuni koili zenye kinga isiyoruhusu mteremko kuvujia vyuma vya karibu na kuharibu picha. Uzeeni alihangaikia hata zile kelele.

Koili za kupokea nazo zilibadilika. Mnamo 1990 Peter Roemer na wenzake walionyesha kwamba koili ndogo nyingi zilizopangwa juu ya mwili husikia vizuri kuliko moja kubwa. Mwaka 1999 watafiti wa Zurich wakatumia mpangilio huo kupunguza muda ambao mgonjwa hulala ndani ya mtambo.

Lauterbur mwenyewe hakukaa tu akihesabu sifa. Mwaka 1978 yeye na wenzake walionyesha kwamba chumvi ya manganisi ikidungwa mwilini huitofautisha sehemu ya moyo isiyopata damu, jambo lililofungua njia ya dawa zinazodungwa leo kabla ya picha. Mnamo 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, na miaka yake ya mwisho akaitumia kuchunguza jinsi kemia ilivyozaa uhai duniani.

Nobel ya tiba ilimjia Oktoba 2003, yeye na Mansfield, miaka 30 baada ya makala yake. Shangwe hiyo ilitiwa doa. Damadian, ambaye mwaka 1977 alikuwa amepiga picha ya mwili wa binadamu kwa mtambo aliouunda, alinunua kurasa nzima za magazeti makubwa ya Marekani kulalamika kwamba ametengwa. Ni kweli kwamba bila dai lake la saratani huenda Lauterbur hangepata swali la kujiuliza. Lakini mteremko unaotumika katika kila hospitali ni wa Lauterbur, na kamati ya Nobel ilituza njia ya kupata picha. Lauterbur hakujibizana naye kwa matangazo. Alifariki nyumbani Urbana Machi 27, 2007 kutokana na maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 77.

Wazo lake limefika Afrika Mashariki kwa sura ambayo yeye, mzoefu wa kuazima mtambo usiku, angeitambua mara moja. Nchini Uganda watoto wengi wachanga hupatwa na maradhi ya maji kujaa kichwani, na madaktari huhitaji kuuona ubongo kabla ya upasuaji. Mtambo wa kawaida wa teslà 1.5 huhitaji heliamu, umeme usiokatika na fedha nyingi. Dkt Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, akishirikiana na watafiti wakiwemo Steven Schiff wa Marekani na Andrew Webb wa Leiden, Uholanzi, ambaye zamani alifundisha katika chuo kile kile cha Illinois, walichagua njia nyingine: sumaku za kudumu zisizohitaji umeme wala kupozwa, zenye nguvu ndogo mara 30.

Sumaku dhaifu hutoa ishara dhaifu, hivyo kazi kubwa huangukia koili na hesabu. Mnamo Septemba 2022 vipande vyote pamoja na zana viliwasili Mbarara kwa ndege kutoka Uholanzi. Wakufunzi wanne na watu sita wasiowahi kuifanya kazi hiyo walizichambua sumaku moja moja, wakazipanga katika pete 23, wakaunda koili za mteremko hapo hapo na kuziingiza mahali pake. Picha ya kwanza ilipatikana takriban siku 11 baada ya masanduku kufunguliwa.