Richard Ormonde Shuttleworth

Richard Ormonde Shuttleworth (16 Julai 1909 – 2 Agosti 1940) alikuwa rubani, dereva wa mashindano ya magari na mkusanyaji wa ndege za kale kutoka nchini Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kuzitafuta ndege za miaka ya mwanzo ya usafiri wa anga zilizokuwa zimetelekezwa, kuzikarabati na kuzirusha tena, wakati ambapo watu wengi waliziona kuwa takataka tu.

Maisha ya awali

Shuttleworth alizaliwa Old Warden, katika mkoa wa Bedfordshire. Siku tisa baadaye, tarehe 25 Julai 1909, Mfaransa Louis Blériot alivuka mlango bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza kwa ndege. Baba yake, kanali Frank Shuttleworth, alitoka katika familia yenye kiwanda cha mitambo ya mvuke huko Lincoln. Alifariki mwaka 1913, na mtoto huyo wa pekee akalelewa na mama yake, Dorothy. Baada ya kusoma Eton alitumikia jeshi kwa muda mfupi. Mwaka 1932 alikabidhiwa mali ya familia, yakiwemo mashamba makubwa ya Old Warden.

Mashindano na urubani

Mwaka huohuo wa 1932 alinunua ndege yake ya kwanza, de Havilland Moth iliyoundwa mwaka 1928, na kuanzisha kiwanja kidogo cha ndege katika ardhi yake. Mwaka 1933 aliendesha ndege ndogo aina ya Comper Swift hadi nchini India.

Katika magari, ushindi wake mkubwa ulikuwa mashindano ya kwanza ya Donington Grand Prix mwaka 1935, alipoendesha Alfa Romeo. Januari 1936 alipata ajali mbaya katika mashindano ya East London, Afrika Kusini, akajeruhiwa vibaya. Baada ya hapo alielekeza nguvu zake zaidi katika ndege.

Ukarabati wa ndege za kale

Ndege mbili za kale alizozipata mwaka 1935 zilitoka kwa rubani wa kizazi kilichomtangulia, A. E. Grimmer. Ya kwanza ilikuwa Blériot XI ya mwaka 1909, aina ileile iliyotumiwa na Blériot kuvuka bahari. Iliwahi kutumika katika shule ya urubani huko Hendon hadi ilipoanguka mwaka 1912. Baadaye iliwekwa chini ya daraja la reli jijini London, ambako Grimmer aliinunua. Aliitengeneza na kujifunza kuruka kwayo bila mwalimu, kisha ikahifadhiwa kwa miaka mingi. Ya pili ilikuwa Deperdussin ya mwaka 1910, ambayo Grimmer pia aliinunua ikiwa imeharibika.

Shuttleworth na mafundi wake walizifanyia kazi katika karakana ya Old Warden. Ndege za aina hiyo zina kiunzi cha mbao kinachokazwa kwa nyaya, na mabawa yake hufunikwa kwa kitambaa. Rubani huiegemeza ndege upande mmoja kwa kuvuta nyaya zinazoyapinda mabawa yenyewe. Injini ya Blériot, aina ya Anzani, ina silinda 3 na nguvu za farasi 25 tu. Ndege zote mbili ziliruka tena kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 alinunua mabaki ya Blackburn ya mwaka 1912. Ndege hiyo ilianguka mwaka 1914 na kuachwa katika shamba la mwenyewe, Francis Glew, sehemu yake ikiwa imefunikwa na rundo la nyasi kavu. Kazi ya kuikarabati ilianza, lakini vita viliikatiza.

Kifo na urithi

Vita vilipoanza, Shuttleworth alijiunga na jeshi la anga la Uingereza. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1940 alifariki akiwa na umri wa miaka 31, baada ya ndege ya Fairey Battle aliyokuwa akiiendesha katika mazoezi kuanguka karibu na kituo cha Benson. Alizikwa Old Warden.

Mwaka 1944 mama yake aliunda mfuko wa kumbukumbu kwa jina lake, kwa ajili ya mafunzo ya kilimo na ya usafiri wa anga. Mafundi waliendelea na kazi aliyoiacha, na Blackburn ilikamilika mwaka 1949. Leo ndiyo ndege ya Kiingereza ya kale kuliko zote ambayo bado inaweza kuruka. Mkusanyo huo ulifunguliwa kwa umma mwaka 1963. Blériot ya mwaka 1909 ingali huko, nayo hurushwa kwa umbali mfupi tu juu ya uwanja, siku ambazo upepo umetulia. Moth aliyoinunua mwaka 1932 pia haijahama Old Warden.