Dakta Livingstone na Miaka ya Kipindupindu

Wasomaji wenzangu, kila mtoto wa Kigoma anaujua mwembe wa Ujiji. Wageni wakija huchukuliwa moja kwa moja hadi kwenye ule mnara, wakaonyeshwa miembe iliyotokana na mti wa zamani, wakapigwa picha, wakarudi mjini. Lakini nimeona kwamba tukiulizwa yule mzee alikuwa akifanya nini hapa hata akahitaji kutafutwa, wengi wetu hunyamaza. Basi muhula huu nilipopewa zamu ya kuandika habari za mtu mashuhuri, nikaona nisiende mbali.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, na alipotimiza miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Alijisomesha usiku hata akawa tabibu na mmisionari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Safari zake za Kalahari na Zambezi, na kifo cha mkewe Mary huko Shupanga mwaka 1862, ni habari ndefu, nami naziacha. Nataka kusimulia safari ya mwisho.

Aliwasili Unguja mwezi Januari 1866, akaingia bara kwa njia ya Mto Ruvuma. Nia yake ilikuwa kutafuta chemchemi za Mto Naili na kupeleka Ulaya habari za biashara ya watumwa. Hakwenda mbali kabla ya mambo kuharibika. Baadhi ya watu wake walimtoroka, na ili wapate mshahara wakasema huko Unguja kwamba ameuawa. Kisha Januari 1867 wapagazi wawili wakatoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa, na kwinini yote ilikuwemo. Tangu siku hiyo tabibu huyu alitembea katika nchi ya homa bila dawa.

Mwanzoni mwa 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu upande wa magharibi wa ziwa letu. Hakuweza kusimama. Aliyemwokoa ni Mohamed Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye aliamuru abebwe kwa machela, akampa chakula na dawa, hata wakavuka kwa mtumbwi. Tarehe 14 Machi 1869 Livingstone akashuka Ujiji kwa mara ya kwanza. Alitazamia kukuta shehena aliyoletewa kutoka pwani, maana siku zile nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha ya safari. Katika majora 80 ya nguo, majora 62 hayakuonekana. Dawa zilikuwa zimebaki Unyanyembe, yaani Tabora. Akaandika barua zaidi ya 40 za kwenda pwani, na nyingi katika hizo hazikufika.

Darasani kwetu tulibishana sana juu ya jambo hili la Bogharib. Wengine walisema mtu aliyekuja kuipiga vita biashara ya watumwa hakupaswa kula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mgonjwa aliye ugenini hachagui mkono unaomnywesha uji. Lakini nakiri kwamba jambo lenyewe ni zito, na yeye mwenyewe liliendelea kumsumbua.

Mwezi wa Julai 1869 alivuka tena ziwa kwenda Manyema, akidhani atarudi upesi. Alikaa zaidi ya miaka miwili, na hapa ndipo inapoingia habari ya ugonjwa.

Kipindupindu, ambacho watu wa pwani wa zamani walikiita waba, kilikuwa kikizunguka dunia nzima miaka ile. Mwaka 1865 kiliwaua mahujaji wengi Makka, kikasambaa kwa meli na kwa misafara. Kilipita katika nchi ya Wamasai, kikashuka Pangani, na mwishoni mwa 1869 kikaingia Unguja, kikaua maelfu ya watu. Daktari mmoja aliyekuwa akifanya kazi Unguja, James Christie, alifuatilia njia zake kwa kuwauliza wasafiri, na mwaka 1876 akatoa kitabu juu yake. Aligundua kwamba ugonjwa ulisafiri kwa mwendo wa msafara, ukilala ulipolala msafara na kuamka nao. Chanzo chake hakikujulikana sawasawa mpaka Robert Koch alipokithibitisha kijidudu chake mwaka 1884.

Sisi wa mwambao huu hatuhitaji kuelezwa sana. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, maji safi hayakutosha na kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua na watu zaidi ya 30 walifariki, na meli yetu Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta watu Kigoma. Mwaka 2015 palikuwa na maji ya chumvi na sukari, na sindano za maji. Mwaka 1869 hapakuwa na kitu.

Balozi wa Kiingereza Unguja, Dakta John Kirk, alikuwa amemtumia Livingstone watu na mali. Msafara ule ukapatwa na kipindupindu njiani, wapagazi wengine wakafa, mizigo ikakawia. Ugonjwa ukapita Tabora na Ujiji, ukafika hata Manyema mwaka 1870. Kwa hiyo Livingstone alikwama katika kijiji cha Bambarre, miguu imeoza kwa vidonda, asiweze kutoka nje kwa siku nyingi. Alisoma Biblia yote mara nne. Karatasi zilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliotengeneza kwa maji ya mimea. Februari 1871 wakamfikia watu 10 wa ule msafara, wakiwa na barua moja tu. Barua 40 zilikuwa zimepotea. Hebu fikirini, sisi tulio bweni, jinsi mtu anavyongoja jina lake liitwe barua zinapogawanywa, naye alingoja miaka.

Watu wale wenyewe hawakutaka kwenda mbele. Alifika nao Nyangwe, kando ya Mto Lualaba, na huko tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga bunduki watu waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, baadhi kwa risasi na baadhi kwa kuzama mtoni. Baada ya hapo hakuweza tena kusafiri pamoja na wafanyabiashara wale. Akageuka, akarudi kwa miguu hadi ziwani.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, amekonda kama fito. Sherif, aliyekabidhiwa mali yake, alikuwa ameiuza yote. Alisema amepiga ramli kwa Kurani na kuona kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone akabaki na nguo chache alizokuwa ameziweka kwa Mohamed bin Saleh. Mfanyabiashara mwingine, Said bin Majid, alijitolea kuuza pembe ili amsaidie.

Siku chache baadaye akatokea Henry Morton Stanley, ametumwa na gazeti la New York, na bendera ya Marekani mbele ya msafara. Vitabu huandika 10 Novemba 1871, ingawa wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku, hivyo tarehe hiyo si ya kuapia. Ile salamu mashuhuri siirudii, mnaijua. La maana kwangu ni kwamba Stanley alileta dawa, chakula, na mfuko wa barua uliotumwa kutoka Unguja mwezi Novemba 1870. Alimpa pia habari za dunia: Mfereji wa Suez umefunguliwa, Ufaransa imepigana na Prussia.

Wakapanda mtumbwi pamoja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke hivyo mwaka 1858.

Stanley alimsihi arudi kwao. Watoto wake walikuwa wakimngoja, afya imekwisha, na njia sasa imefunguka. Alikataa. Nimelifikiria sana jambo hili nami sikulipatia jibu. Waliagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani walifika mwezi Agosti, na Livingstone akaondoka nao kwenda kusini. Alikufa karibu na tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo.

Abdullah Susi na James Chuma pamoja na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaanza safari ya kwenda pwani. Walipokutana na Waingereza Tabora waliambiwa wauzike hapo, wakakataa. Mbele ya safari wenyeji walizuia maiti isipite. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo, wakajifanya wanairudisha maiti Tabora ikazikwe, na usiku wakauvingirisha mwili halisi ndani ya nguo kama jora la biashara. Mzigo huo ulifika Bagamoyo mwezi Februari 1874, haukupungua kitu. Livingstone alizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alikuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko.