Hansie Cronje: Nahodha aliyeleta kombe, akapoteza jina

NOVEMBA 1, 1998, katika Uwanja wa Taifa wa Bangabandhu jijini Dhaka, Bangladesh, Afrika Kusini ilitwaa ubingwa wa mashindano ya kwanza ya mtoano ya Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC). Katika mashindano hayo, timu iliyofungwa mara moja ilifungasha virago. Afrika Kusini iliitoa Uingereza katika robo fainali, ikaibwaga Sri Lanka katika nusu fainali, kisha ikakutana na West Indies.

West Indies ilipata mikimbio 245, huku Jacques Kallis akiwatoa wapigaji watano. Afrika Kusini iliivuka hesabu hiyo ikiwa imepoteza wiketi sita. Aliyesimama hadi mwisho alikuwa nahodha mwenyewe, Hansie Cronje, akiwa na mikimbio 61 bila kutolewa.

Wessel Johannes Cronje alizaliwa Septemba 25, 1969 mjini Bloemfontein. Akiwa na umri wa miaka 21 tu, alikabidhiwa unahodha wa timu ya jimbo lake la Orange Free State. Nchi yake iliporejea katika michezo ya kimataifa baada ya kutengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, alikuwamo katika kikosi cha Kombe la Dunia la 1992. Mwaka 1994 alirithi unahodha wa taifa kutoka kwa Kepler Wessels. Akiwa nahodha alishinda mechi 27 kati ya 53 za siku tano, na 99 kati ya 138 za siku moja. Wananchi wengi walimwona kuwa mcha Mungu na mfano kwa vijana.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Aprili 7, 2000, polisi wa Delhi, India, walitangaza kuwa wamenasa mazungumzo yake na mcheza kamari kuhusu upangaji wa matokeo. Kwanza alikana. Siku nne baadaye alikiri kuwa hakuwa mkweli, akavuliwa unahodha. Mbele ya tume ya Jaji Edwin King alikubali kuwa alipokea fedha za wacheza kamari. Ilibainika pia kuwa aliwashawishi wachezaji wenzake Herschelle Gibbs na Henry Williams, waliotoka katika jamii zilizokandamizwa na ubaguzi. Wote wawili walifungiwa miezi sita.

Oktoba 2000, mashindano hayo ya mtoano yalipofanyika kwa mara ya pili, jijini Nairobi, Afrika Kusini ilitolewa na India katika nusu fainali chini ya Shaun Pollock. Mwezi huo huo Cronje alifungiwa maisha.

Juni 1, 2002, akiwa na umri wa miaka 32, alipanda ndege ya mizigo kuelekea nyumbani kwake George. Ndege hiyo iligonga milima ya Outeniqua, akafariki dunia pamoja na marubani wawili.

Miaka miwili baadaye, katika kura ya Waafrika Kusini mashuhuri zaidi, alishika nafasi ya 11. Timu ya wanaume ya nchi hiyo ilisubiri hadi Juni 2025 kupata taji jingine la ICC, ilipoifunga Australia katika Uwanja wa Lord's, London. Kwa karibu miaka 27, kombe pekee kabatini lilikuwa lile lililoletwa na nahodha ambaye wengi waliona uchungu kulitaja jina lake.